Metro za Dunia: Tuache Kuhesabu Vichwa, Tuhesabu Nauli

Kuna orodha ambayo haikosi kuzunguka kwenye simu za watu. Miji mikubwa ya dunia imepangwa kwa idadi ya abiria wanaopanda treni za chini ya ardhi: Shanghai na Beijing juu kabisa, Tokyo na Moscow karibu nazo, New York na London huko chini kidogo. Mtu wa Nairobi aliyekwama kwenye jam ya Mombasa Road akiiona, swali lake ni moja tu: na sisi je, lini?

Swali hilo si letu kulijibu. Sisi kazi yetu ni malipo, si reli. Lakini tumekuwa tukizisoma hizo orodha kwa jicho la mtu wa malipo, na tumefikia maoni fulani ambayo tungependa kuwaambia wateja wetu, hata kama mengine yanatugusa wenyewe. Maoni yenyewe ni haya: ukitaka kujua kama mji unawahudumia abiria wake vizuri, idadi ya abiria haikuambii mengi. Angalia mtu anayelipa kidogo kidogo, safari kwa safari, kama analipa zaidi ya yule mwenye pesa za kulipa mwezi mzima mara moja.

Sisi Wakenya hilo tunalijua bila kufundishwa. Ni uchumi wa kadogo. Anayenunua mafuta ya kupima kwa kibanda anayalipia ghali kuliko anayebeba mtungi wa lita 20 kutoka supamaketi. Sukari vilevile, na unga pia. Aliye na kidogo ndiye anayelipa bei ya juu. Kwa usafiri wa miji mikubwa, hadithi ilikuwa hiyohiyo kwa miaka mingi, na kilichoibadilisha katika baadhi ya miji hakikuwa treni mpya. Ilikuwa namna ya kulipa.

Kwanza, hiyo idadi ni ya nini?

Kabla ya kulinganisha, tukubaliane tunahesabu nini. Shanghai mwaka 2019 iliripoti safari zaidi ya bilioni 3.8. New York mwaka huohuo ilikuwa na takriban bilioni 1.7. Ukiangalia haraka, utasema Shanghai inabeba watu mara mbili na zaidi.

Ngoja kwanza. China huhesabu mtu kila anapopanda laini nyingine. Ukiingia kwa laini moja, ukashuka katikati ya mji ukapanda nyingine, wewe ni abiria wawili. New York inakuhesabu unapopita getini tu. Ukishaingia, badilisha treni mara tatu ukitaka, wewe bado ni mmoja. Na kwa sababu hakuna anayegusa kadi akitoka, mji wenyewe haujui kwa uhakika umeshukia wapi, unakadiria. London inakujua ukiingia na ukitoka, kwa hiyo inahesabu safari nzima kutoka stesheni hadi stesheni. Delhi nayo siku hizi inahesabu kwa laini, kama China.

Tokyo ina ugumu wake. Kuna kampuni mbili za treni za chini ya ardhi: Tokyo Metro yenye laini 9, na Toei, ya serikali ya jiji, yenye laini 4. Kabla ya korona, Tokyo Metro ilibeba zaidi ya milioni 7 kwa siku na Toei zaidi ya milioni 2. Ukijumlisha hizo mbili, yule aliyeshuka moja akapanda nyingine amehesabiwa kote kuwili. Na hapo bado hujaingiza treni za JR na kampuni nyingine za kibinafsi, ambazo ndizo zinazofanya stesheni ya Shinjuku ipitiwe na watu zaidi ya milioni 3 kwa siku.

Kwa hiyo mfanyakazi mmoja anayeenda kazini na kurudi, akibadilisha laini mara moja kila upande, ni safari 2 huko New York na 4 huko Shanghai. Mtu ni yuleyule, na miguu yake ni miwili tu.

Tusijifanye watakatifu. Sekta yetu pia inapenda namba kubwa. Mama akimtumia mwanawe shilingi 1,000 Eldoret, mwana akatoa kwa wakala, wakala akanunua floti tena, hiyo elfu moja imeshakuwa miamala mitatu kwenye taarifa ya mtu fulani. Ukisoma kwamba miamala imeongezeka, uliza kama watu wameongezeka, ama ni pesa ileile inazungushwa zaidi. Ni swali halali na hatulikasirikii.

Senti 5 kwa miaka 44

Sasa tuje kwa nauli yenyewe, na tuanze na New York kwa sababu historia yake ni tamu.

Treni ya chini ya ardhi ya New York ilifunguliwa tarehe 27 Oktoba 1904. Nauli ilikuwa senti 5, sarafu moja, uende karibu ama mbali. Nauli hiyo haikubadilika hadi 1948. Miaka 44! Vita viwili vya dunia vilipita hapo katikati, bei za kila kitu zilipanda, lakini hakuna mwanasiasa aliyetaka kuwa yule aliyegusa nauli ya wananchi. Kampuni mbili za kibinafsi zilizoendesha treni ziliishiwa nguvu, na mwaka 1940 jiji likazichukua. Mwaka 1948 nauli ikawa senti 10. Mwaka 1953 ilipopanda kuwa senti 15 kukawa na shida ya kuchekesha: hakuna sarafu ya senti 15, na mashine za getini hazikuweza kupokea sarafu mbili tofauti. Ndipo wakatengeneza tokeni, kijisarafu cha kununua dirishani na kutumbukiza getini. Sio tokeni ya stima, ingawa wazo si mbali: unalipa mbele, unapewa kitu, unakitumia baadaye. Tokeni hizo zilidumu hadi 2003.

Nauli moja ya mji mzima ina uzuri wake. Anayeishi mbali, ambako nyumba ni za bei nafuu, halipi zaidi ya anayeishi katikati. Lakini kwa miaka mingi ilikuwa na tundu kubwa: basi na treni zililipiwa kando. Kama nyumba yako iko mbali na stesheni, unapanda basi, unalipa, halafu unapanda treni, unalipa tena. Nauli mbili kwenda, mbili kurudi. Mtu wa Rongai anayefanya kazi Westlands anaelewa hapo tunasema nini.

Mwaka 1997, New York ilipokuwa tayari na kadi inayoitwa MetroCard, iliondoa malipo ya pili: ukitoka kwa basi ukaingia treni ndani ya muda uliowekwa, kadi inajua ulishalipa. Mwaka uliofuata zikaja kadi za kusafiri bila kikomo kwa siku 7 na siku 30. Safari za treni zilikuwa takriban bilioni 1.1 mwaka 1997. Kufikia 2015 zilizidi bilioni 1.7. Hatutasema kadi ndiyo iliyofanya yote hayo. Uhalifu ulipungua, watu waliongezeka, kazi zilikuwepo. Lakini katika miaka hiyo haikujengwa reli mpya nyingi. Kilichobadilika kwa abiria wa kawaida ni kwamba safari ya pili iliacha kuuma.

Bado kadogo ilibaki. Kadi ya siku 30 ilikuwa nafuu kwa kila safari, lakini lazima uwe na pesa zote siku ya kwanza. Mfanyakazi wa ofisi aliye na mshahara wa mwisho wa mwezi alinunua. Mwosha vyombo hotelini, anayelipwa kwa wiki ama kwa siku, alinunua safari moja moja, na mwisho wa mwezi alikuwa ametoa zaidi ya yule bosi. Hakuna aliyemwibia. Alikosa tu kuwa na pesa zote kwa wakati mmoja.

Kikomo cha nauli

Hapa ndipo tunataka kukaa kidogo, kwa sababu ndilo jambo lenyewe.

London ilikuwa na kadi yake, Oyster, tangu 2003. Mwaka 2005 iliongeza kitu kidogo ambacho kwa maoni yetu ni kikubwa kuliko kadi yenyewe: kikomo cha nauli kwa siku. Unagusa ukiingia, unagusa ukitoka, mashine inakata. Ukifika kiasi fulani kwa siku, mashine inaacha kukata. Unaendelea kusafiri, geti linafunguka, na hulipi tena hadi kesho. Baadaye, kwa wanaolipa kwa kadi za benki za kugusa, kukawa na kikomo cha wiki pia, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, na mwaka 2021 Oyster nayo ikapata hicho cha Jumatatu hadi Jumapili.

Tuweke namba. Mwaka 2024, safari moja ya treni wakati wa msongamano katika eneo la 1 na la 2, yaani katikati ya London na pembeni yake, ilikuwa pauni 3.40. Kikomo cha siku kilikuwa pauni 8.50. Kwa hiyo safari ya kwanza 3.40, ya pili 3.40, ya tatu unakatwa 1.70 iliyobaki, ya nne bure. Kikomo cha wiki kilikuwa pauni 42.70, ambazo ni kama vikomo vya siku tano na senti chache. Ukiufikia, siku zilizobaki za wiki hulipi kitu.

Nani anafaidika? Tuseme ukweli, si kila mtu. Anayeenda kazini na kurudi tu, siku 5, analipa pauni 34 na kikomo hakimfikii. Anayefaidika ni yule wa kazi mbili. Anaosha ofisi alfajiri, anashinda akiangalia mzee wa watu mchana, jioni anapitia kwa dadake kuchukua mtoto. Safari tano sita kwa siku. Huyo ndiye ambaye zamani alilipa zaidi ya wote, na siku hizi mashine inamsimamishia.

New York imefuata njia hiyo kwa mfumo wake mpya wa kugusa, OMNY, ulioanza 2019. Ukishafikisha safari 12 zilizolipiwa ndani ya siku 7, zinazofuata ni bure hadi siku hizo ziishe. Piga hesabu: anayefanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, kwenda na kurudi, anafika 12 Jumamosi jioni. Jumapili anaenda kanisani bila kulipa. Na kitu ambacho tunakisifu hapo: asiye na akaunti ya benki wala simu ya kisasa anaweza kununua kadi, akaijaza kwa pesa taslimu, na bado anapata kikomo kilekile.

Angalia uzuri wa jambo hili. Hakuna aliyeambiwa alipe mbele. Unalipa rejareja, unapata bei ya jumla. Mwenye pesa za leo tu anatendewa sawa na mwenye mshahara wa mwezi. Mama mboga angekuuzia nyanya moja moja, halafu ukifikisha debe akakwambia, sasa chukua tu, umeshalipa ya debe. Ni ajabu, sivyo? Lakini mashine inaweza kukumbuka hesabu hiyo bila kuchoka, na ndiyo maana tunasema malipo ya kidijitali yana maana pale tu yanapofanya kitu ambacho pesa mkononi haiwezi. Kuhamisha sarafu kutoka mfukoni hadi simu peke yake si maendeleo.

Beijing ilijaribu njia yake. Kwa miaka saba, kuanzia 2007, nauli ilikuwa yuan 2 popote uendako, bei ya chini sana, na treni zilijaa pomoni. Desemba 2014 wakaanza kutoza kwa umbali, kuanzia yuan 3, lakini wakaweka nafuu: ukitumia zaidi ya yuan 100 kwa mwezi kwenye kadi, safari zinazofuata unapunguziwa asilimia 20, na ukipita 150 asilimia 50, hadi ufike 400. Si kikomo kamili, lakini anayesafiri sana anakumbukwa.

Cairo ni kisa kigumu zaidi, na ni cha Afrika. Metro yake, ya kwanza katika bara letu, ilifunguliwa 1987, na kwa miaka mingi tiketi ilikuwa rahisi mno. Hadi Machi 2017 ilikuwa pauni 1 ya Misri kwa safari yoyote. Ikapanda kuwa 2. Mei 2018 zikaja bei tatu kulingana na idadi ya stesheni: 3, 5 na 7. Watu wa mitaa ya mbali, ambao ndio wasio na gari, walijikuta wanalipa mara saba ya walicholipa miezi kumi na nne iliyopita. Kulikuwa na maandamano ndani ya stesheni, na wengine walikamatwa. Serikali ilikuwa na sababu zake, treni zina gharama na mkopo una masharti. Lakini mzigo ulitua kwa anayeishi mbali, na hakukuwa na kikomo kinachomsubiri mwisho wa wiki.

Na Tokyo? Huko tunajifunza kwamba urahisi si haki. Kadi za Suica na Pasmo ni laini kama maji, unagusa chap na kupita, zinafanya kazi karibu kila treni na basi, unanunua hata chai. Lakini ukitoka kwa Tokyo Metro ukaingia Toei, bado unalipa nauli mpya, ukipunguziwa yen 70 tu. Kadi imeficha maumivu, haikuyaondoa. Wajapani wengi hawalii sana kwa sababu waajiri huwalipia pasi ya kwenda kazini. Asiye na mwajiri wa namna hiyo analipa mwenyewe.

Mambo ambayo hayatufurahishi

Ingekuwa rahisi tumalize hapo tukisema, basi, tulipe vyote kwa simu na tuige London. Hapana. Kuna mambo matatu huko ambayo sisi, kama kampuni ya malipo, tungependa yasifike hapa jinsi yalivyo.

La kwanza ni adhabu kwa pesa taslimu. Mwaka 2024, safari ndani ya eneo la 1 la London ilikuwa pauni 2.80 kwa kadi wakati wa msongamano, na 6.70 ukinunua tiketi kwa pesa. Zaidi ya mara mbili. Mabasi ya London yaliacha kabisa kupokea pesa taslimu Julai 2014. Tunaelewa kwa nini: pesa mkononi inachelewesha foleni na ina gharama ya kuhesabiwa na kulindwa. Lakini mgeni, mzee, mtoto aliyepoteza kadi, ndio wanaolipa. Tungefaidika sana matatu zote zikikataa noti na sarafu kesho. Hata hivyo tunasema wazi: hatuungi mkono. Simu huzimika, mtandao hupotea, na mtu hapaswi kuachwa steji saa mbili usiku kwa sababu ya chaji.

La pili ni alama unazoacha. Kila unapogusa, kuna rekodi. London huweka safari zilizounganishwa na kadi yako ya Oyster kwa wiki nane, kisha huziondolea utambulisho. New York, Agosti 2023, waandishi wa habari walionyesha kwamba mtu yeyote mwenye namba ya kadi yako na tarehe yake ya kuisha angeweza kuingia kwenye tovuti na kuona stesheni ulizoingilia kwa siku 7 zilizopita, bila nywila. Fikiria mume mkorofi, ama mtu anayekufuata. Kipengele hicho kiliondolewa baada ya habari kutoka. Kwetu somo ni chungu, kwa sababu ujumbe wa malipo ya nauli unasema jina, saa, na mara nyingi ruti. Usimwonyeshe mtu usiyemwamini simu yako, na usitume picha ya ujumbe wa malipo kwa kila anayesema anataka kuthibitisha.

La tatu ni pesa zinazolala. Kadi za Oyster zilizosahaulika kwenye droo zina mamia ya mamilioni ya pauni kwa jumla. Ni pesa za watu, pauni mbili huku, tano kule. Wana haki ya kuzidai lakini wengi hawasumbuki. Kwetu pesa za wateja wa simu hukaa kwenye akaunti ya amana benki na si mali ya kampuni. Lakini ukweli ni kwamba salio dogo ulilosahau kwenye laini ya zamani halikufaidi wewe. Lifuatilie.

Sasa, steji yetu

Nairobi haina metro. Ina matatu, mabasi, boda na treni chache za abiria za asubuhi na jioni. Na nauli yake ina tabia moja ambayo hakuna mji wa orodha ile unayo: inapanda mvua ikinyesha. Asubuhi 80, jioni 100, mawingu yakitanda 150, na hakuna wa kumuuliza. Kikomo cha nauli kinahitaji nauli inayojulikana kwanza.

Kinahitaji pia mtu mmoja anayekusanya, ama wengi waliokubaliana kugawana. London inaweza kukufungulia geti bure kwa safari ya nne kwa sababu treni zote ni za mfuko mmoja. Matatu ya Kayole na ile ya Westlands zina wenyewe tofauti, na hesabu ya jioni ya kila mmoja iko peke yake. Konda aliyebeba abiria wa bure atamwambia nini mwenye gari? Ndiyo maana kadi za matatu zilizoletwa karibu mwaka 2013 na 2014, pamoja na agizo la serikali la kuacha pesa taslimu, hazikufika mbali. Ziliomba watu walipe kwa njia mpya bila kuwapa kitu ambacho njia ya zamani haikuwa nacho. Abiria alilipa nauli ileile. Mwenye gari pekee ndiye aliyeona faida, na konda aliona hasara.

Simu ilifaulu mahali kadi ilishindwa, kwa kuwa mtu alikuwa nayo tayari mfukoni. Siku hizi konda mwenyewe anakuambia, tuma kwa hii namba. Lakini hapo kuna kadogo mpya, na hii ni yetu, hatuwezi kumsukumia mtu. Tuseme unaishi Kayole na kazi iko Westlands. Matatu mbili kwenda, mbili kurudi, siku sita. Hayo ni malipo 24 kwa wiki. Ikiwa kila malipo yana ada, hata ndogo, unalipa ada mara 24, wakati aliyehamisha kiasi hichohicho mara moja amelipa ada mara moja. Anayelipa kidogo kidogo ndiye anayelipa zaidi. Tumerudi palepale pa mwosha vyombo wa New York.

Maoni yetu, na tunajua si kila mtu ofisini anayapenda: ada za malipo madogo ya usafiri zinapaswa kuwa na kikomo cha wiki. Ukishafikisha idadi fulani ya malipo ya nauli, ada inasimama. Nauli yenyewe hatuna uwezo nayo, hiyo ni ya wenye magari na sacco zao. Ada iko mikononi mwa kampuni za malipo na wanaozisimamia, na mashine zetu zinajua kuhesabu hadi 12 kama zile za New York. Bado hatujafanya hivyo. Tunaliandika hapa ili tukiulizwa tusiseme hatukulifikiria.

Kwa sasa kuna mambo machache ya kukusaidia. Uliza kama gari lina namba ya biashara badala ya namba binafsi ya konda. Kwa namba ya biashara, mara nyingi ada haimwangukii anayelipa, na jina linalotokea ni la sacco ama gari, si la mtu usiyemjua. Soma jina kabla ya kuweka PIN, hata kama konda anakuharakisha. Na ukilipa, hifadhi ujumbe hadi ushuke, kwa sababu mabishano ya "sijaona yako" huisha haraka ukiwa nao.

Kwa wale wenye ndugu London wanaoenda kuwatembelea Desemba, hili ni la bure: tumia kadi ileile siku nzima. Ukigusa asubuhi kwa kadi na jioni kwa simu, hata kama zote zinakata akaunti moja, mashine inakuona wewe ni watu wawili na hakuna anayefikia kikomo. Usiweke kadi mbili kwenye pochi moja unapogusa. Usisahau kugusa ukitoka kwenye treni, la sivyo unakatwa nauli ya juu kabisa. Na uulize benki yako kabla hujaondoka inakata kiasi gani kwa kila malipo ya nje, maana kwa safari sita kwa siku makato hayo yanaweza kumeza kile kikomo kilichokuokolea.

Kwa waliobaki hapa, fungua taarifa ya malipo yako ya wiki iliyopita. Tia alama kila malipo ya nauli, halafu jumlisha ada peke yake, bila nauli. Tuandikie hiyo namba kupitia huduma kwa wateja, pamoja na ruti yako, bila jina la konda wala namba ya gari. Tunazikusanya, na tunataka kuingia nazo kwenye mkutano wa ada tukiwa na hesabu za abiria wenyewe mkononi.